Sanda ya Mikono Mitano

Mwanamkuu binti Sadalla alikuwa mwosha maiti, na katika Kariakoo nzima hapakuwa na mwanamke aliyependa kutazamwa naye. Si kwamba alikuwa na jicho baya, hasha. Lilikuwa jicho la kazi. Ukipita mbele ya baraza yake pale Mtaa wa Mchikichi, umejitanda kanga zako, kapu mkononi, unakwenda zako sokoni, yeye alikutazama mara moja tu, toka utosini mpaka kisiginoni, na hapo hapo ameshajua sanda yako itakula mikono mingapi ya bafta. Wala hakosei. "Bi Mkuu, usinitazame hivyo, bado naitaka dunia!" wanawake walimtania. Naye hucheka, akasema, "Pita zako! Wewe minne kasoro, bafta yako hata haitoshi kumtia mtu hasara."

Yeye mwenyewe alikuwa mikono minne na shubiri. Alijijua kwa sababu sanda yake alikwisha kujiwekea, imekunjwa vizuri katika sanduku la mninga chini ya kitanda, pamoja na kafuri, pamba na kichupa cha marashi. Bafta ile ililetwa na mahujaji kutoka Makka, imechovywa Zamzam, na kila Ramadhani ikikaribia aliitoa akaianika uwani, mtaa mzima uone. Watu walimsifu kwa hilo. Mtu anayekumbuka kifo, walisema, huyo ndiye Mwislamu.

Alikuwa mjane. Mumewe, marehemu Seifu, alikuwa kuli wa bandarini, mtu mrefu wa kugusa dari. Alipokufa alimwachia vitu viwili: nyumba ya vyumba sita iliyoezekwa kwa madebe, na binti mmoja, Waridi, aliyerithi urefu wa baba yake. Nyumba haikumpa Mwanamkuu shida. Waridi ndiye aliyemnyima usingizi. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, ya kwanza mwezi wa nne, ya pili wa sita, na mume wake Ramadhan, aliyekuwa akifanya kazi katika reli, alikuwa ameanza kukaa kimya mno kila ajapo katika chumba chao humo humo nyumbani. Mwaka huo Waridi akashika ya tatu. Mwanamkuu aliapa kuwa hii haitoki, hata ikimbidi alale mlangoni kwa mwanawe kama mbwa.

Ni katika mwaka huo huo alipokuja Mmanyema.

Ilikuwa miaka ile ya shida, kazi bandarini zimekufa, wapangaji wamerudi makwao, na vyumba vitatu katika nyumba ya Mwanamkuu vilikuwa makao ya panya. Asubuhi moja mwanamke akapiga hodi. Ameinama pale mlangoni, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, nyuma yake mkokoteni una madebe mawili ya mawese na kikasha cha bati. Alisema anaitwa Sitara binti Bushiri, ametoka Kigoma kwa treni, wazee wake ni watu wa ng'ambo ya ziwa, kule kwa Wabelgiji. Anauza mawese sokoni. Anataka chumba.

"Kumbe Mmanyema," alisema Mwanamkuu.

"Ndiyo, Bi Mkuu."

"Na wenzako je? Wamejaa tele mjini hapa, wana nyumba nzuri kupita hii yangu. Mbona huendi kwao?"

"Nimependa hapa," alijibu yule mwanamke, bado ameinama.

Amependa hapa! Mtu hajaona hata chumba chenyewe, anapendaje? Mwanamkuu alimpokea kwa kuwa hakuwa na la kufanya, lakini jibu lile lilimkaa kooni. Maana yeye alilelewa na bibi ambaye, mtoto akikataa kulala, alimwambia, "Haya, lia. Mmanyema yuko nyuma ya choo, anakuja kukutafuna." Mwanamkuu alikuwa sasa na miaka hamsini na ushei. Hajapata kumwona mtu aliyetafunwa, wala ndugu wa aliyetafunwa, wala mtu aliyemjua ndugu huyo. Lakini muulize kama Wamanyema hula watu, atakushangaa wewe. Ni jambo la kuulizwa hilo? Si linajulikana!

Basi kuanzia siku ile kazi yake ikawa moja, kumchunguza Mmanyema. Tena kumchunguza kwa pembe ya jicho, kwa maana bibi yake alimfunza pia kwamba watu wale hawatazamwi usoni, ukimtazama amekwisha kukuchukua. Akitokeza ukumbini, Mwanamkuu hugeuza uso akatazama ukuta. Na Mmanyema naye, kila apitapo barazani walipoketi wenyeji, aliinama karibu kushika magoti, ndiyo adabu ya kwao mbele ya mwenye nyumba. Mwanamkuu hakuiona adabu. "Mwaona anavyojificha uso?" aliwanong'oneza wenzake. "Mtu safi hutembea wima."

Kila kitu kilikuwa ushahidi. Mikono ya Mmanyema ilikuwa myekundu mpaka viwikoni: mawese, nani asiyejua, na Mwanamkuu mwenyewe alijua, lakini wekundu ule ulimtia baridi kila alipouona kwenye mpini wa kata ya maji. Akisali, anajifanya. Asiposali kwa kuwa yumo katika siku zake, ndiyo hivyo, asili yake imejitokeza. Akinyamaza ana lake jambo, na akicheka anamcheka nani? Akampelekea Waridi sahani ya ndizi za nazi, Mwanamkuu akazipokea kwa tabasamu, akawamwagia kuku, kisha akakaa siku nzima kuwatazama kuku. Hakufa hata mmoja. "Sumu ya wajuzi," alisema, "huchukua muda."

Waridi hakuwa hivyo. Mtoto yule alikuwa mwepesi wa kuzoea watu, na mchana mama yake alipoitwa kwenye misiba, alikwenda kuketi na Mmanyema uwani, wakachambua mchele pamoja. Tumbo lilipokuwa kubwa na nguo zote zimembana, Mmanyema akampa gauni lake moja, pana, la kitambaa cha maua. Likamfika Waridi kwenye vifundo vya miguu, sawasawa, kama alikatiwa yeye.

"Umelitoa wapi hilo?" aliuliza Mwanamkuu aliporudi.

"Kanipa mama Sitara. Tazama mama, limenikaa vizuri, kwa sababu yeye na mimi ni..."

"Vua!"

"Mama, ngoja nikwambie, sisi..."

"Nimesema vua! Nguo ya Mmanyema mwilini mwa mja mzito! Toba, Yarabi! Unataka kuniua mimi?"

Waridi akavua, akalia kidogo, na lile alilotaka kusema likaishia hapo. Gauni lilirudishwa kwa ncha ya fimbo.

Sasa, wiki mbili baadaye, Mwanamkuu alikwenda dukani kwa Hamud kununua sukari. Hamud alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramauti, mwenye duka la pembeni, bafta na kahawa na kila takataka. Siku nyingine zote Mwanamkuu alisema hakuna maneno ya Mshihiri ya kuaminiwa, watu ambao wangemuuza mama yao kwa ratili ya buni. Hamud kwa upande wake alisema Waswahili wa mjini ni wavivu na Wamanyema ni washenzi. Siku hiyo wote wawili walielewana kama mapacha.

"Bi Mkuu, kwako kuna mgonjwa?" aliuliza Hamud, akipima sukari.

"Hakuna. Kwa nini?"

"Mpangaji wako, yule Mmanyema. Juzi kanunua bafta ya sanda. Kamili, vipande vitano, sanda ya mwanamke. Na kafuri, na pamba, na ubani. Nikamwuliza, ya nani? Akasema, 'Ya mtu wa nyumbani.' Nikasema labda kuna mgonjwa."

Mwanamkuu aliisahau sukari pale pale. Alirudi mbio, mvua ya masika inamnyeshea, na kichwani anahesabu watu. Mtu wa nyumbani! Nyumba ile ilikuwa na wanawake watatu. Yeye alikuwa na sanda yake na mtaa mzima waijua. Mmanyema mwenyewe mzima wa afya, jana tu kabeba ndoo mbili za maji. Ni nani basi aliyebaki, aliyekuwa karibu kulala kitandani baina ya uhai na mauti? Ni nani, kama si Waridi, mwezi wa tisa umeingia?

Mmanyema alikuwa sokoni. Mwanamkuu hakubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliingia, akalivuta lile kasha la bati, akalifungua. Sanda ilikuwa juu kabisa, imekunjwa kwa nidhamu ambayo hata yeye fundi hakuweza kuitia kasoro. Akaitoa shuka kubwa ya juu, akaitandaza sakafuni, akapiga magoti akaipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne. Mitano, barabara.

Mikono mitano. Mmanyema, kwa jicho la pembeni la Mwanamkuu, hakuzidi minne, kiumbe kilichojikunyata vile. Katika mtaa ule alikuwako mwanamke mmoja tu wa mikono mitano, na yeye mwenyewe ndiye aliyemzaa mwanamke huyo. Na sasa gauni nalo likamjia akilini. Kumbe! Kumbe ndiyo njia aliyompimia! Kamvika gauni apate kipimo cha sanda! Akakaa chini juu ya bafta ile, kwa woga na kwa hasira.

Mmanyema aliporudi saa nane mchana alikuta mlango wake wazi, kasha lake kwenye ukumbi, na Mwanamkuu amesimama na sanda mkononi. Nyuma kwenye mlango wa chumba chake amesimama Waridi na tumbo lake. Thuraya, mke wa Hamud, alikwisha kufika na wanawake wawili wa jirani, maana habari kama hizo hazihitaji mpiga ngoma.

"Sanda hii ya nani?" aliuliza Mwanamkuu, akitazama ukuta.

Mmanyema alichutama kizingitini, kama kawaida yake mbele ya mwenye nyumba. "Yangu, Bi Mkuu."

"Yako! Ulimwambia Hamud ni ya mtu wa nyumbani."

"Mimi si mtu wa nyumbani?"

"Usinichezee maneno! Nimeipima. Mikono mitano. Wewe hata minne hufiki."

"Ni yangu," alisema yule mwanamke. Sauti yake haikupanda. "Hapa sina mama, sina mtoto, sina ndugu wa kuchanga. Nimejiwekea kama wewe ulivyojiwekea yako."

"Sanda yangu usiitaje kwa kinywa chako! Yangu imetoka Makka!"

Thuraya alipiga kidoko. Mmanyema akasema, "Basi nipime."

"Nini?"

"Nipime, Bi Mkuu. Wewe ndiye fundi. Nitasimama hapa, uweke mkono wako toka utosini pangu mpaka chini, watu hawa wote wanaona. Isiponitosha, nifukuze."

"Mama," alisema Waridi kutoka mlangoni, "mpime tu."

"Ingia ndani wewe!"

Mmanyema alianza kuinuka. Hapo, wallahi, hapo ndipo jambo lote lilipokuwa: kugeuza shingo tu, kutazama mara moja kwa lile jicho lililosifiwa Kariakoo nzima. Lakini Mwanamkuu aliona wekundu wa mikono ile ukimsogelea kwenye pembe ya jicho lake, akajifunika uso kwa kanga, akaugeukia ukuta kabisa. "Nikuguse wewe? Nikutazame, unimalize na mimi? Toka! Toka kwenye nyumba ya Seifu na uchawi wako!"

Akasikia nyayo. Akasikia kasha likiburutwa na mkokoteni ukiitwa. Alipofunua uso, ukumbi ulikuwa mtupu na mvua inapiga madebe juu. Sanda alibaki nayo. Siku hiyo hiyo akaichoma uwani, chini ya kipaa cha jiko, kipande kwa kipande, na kafuri yake.

Siku ya kumi baada ya hapo, saa sita mchana, Waridi akajifungua mtoto wa kike, mzima, analia mpaka sokoni. Nani angemweleza kitu Mwanamkuu sasa? Mtaa ulimpa pongezi mbili, ya mjukuu na ya ujasiri. "Ungechelewa siku kumi tu, Bi Mkuu!" alisema Thuraya, na kila mtu akatikisa kichwa. Hadithi ilikua haraka kuliko mtoto. Kufika siku ya arobaini, Mmanyema alikuwa amekamatwa akiwa uchi saa za alfajiri, anaipima sanda mlangoni kwa Waridi. Mwanamkuu alijua halikuwa hivyo, lakini hakumsahihisha mtu. Waridi peke yake hakuichangia hadithi ile. Ilipoanza aliinuka akaenda kumnyonyesha mtoto.

Mtoto alikwisha kuanza kukaa mwenyewe walipokuja wanawake wawili wa Kimanyema, nguo safi, nyuso zimevimba kwa kulia. Wakaamkia barazani, na mkubwa wao akasema, "Bi Mkuu, tuna msiba. Sitara binti Bushiri amefariki leo alfajiri, kichomi. Tumekuja kukuita ukamwoshe."

Mwanamkuu aliinuka kitini. "Ninyi mnao waosha wenu."

"Tunao, tena wazuri. Lakini marehemu kausia. Kasema aoshwe na Mwanamkuu binti Sadalla, asiguswe na mwingine."

"Mimi? Nimemfukuza mimi!"

"Twajua," alisema yule mama, bila kumtazama. "Hata sisi tulimwambia. Alipofika tu kutoka bara alishuhudia msiba mmoja, mwanamke maskini asiye na kwao, akakuona ulivyomfunika vizuri na kumsemesha kama mwanao. Akasema, mimi nitakaa karibu na mama yule, ili siku yangu ikifika asije akatafutwa mbali. Vyumba kwetu vilikuwapo. Alipanga kwako kwa ajili hiyo. Haya, unakuja au tumwambie Mungu hukuja?"

Mwanamkuu aliingia chumbani. Akalivuta sanduku la mninga, akatoa sanda yake ya Makka, akaiweka kifuani chini ya kanga. Sanda ya marehemu aliichoma yeye, basi atailipa kwa yake. Ndivyo alivyojiambia, na hata kwa wakati ule, njiani, mashaka hayakumwacha: je, kama hii ndiyo hila yenyewe, kunivuta mpaka kwenye maiti yake? Alikwenda hivyo hivyo, anaogopa.

Maji ya uvuguvugu yalikuwa tayari, na majani ya mkunazi. Akafunga mlango, wakabaki yeye na wale wanawake wawili. Akaondoa shuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Sitara usoni. Alikuwa na kidoti kidogo chini ya jicho, na mikono yake, sasa mawese yamekwisha kutoka, ilikuwa mikono ya kawaida ya mwanamke wa miaka arobaini. Mwanamkuu akamnyoosha. Akanyoosha shingo, akanyoosha mgongo, akanyoosha magoti, na miguu ikaenda, ikaenda, mpaka visigino vikavuka ukingo wa kitanda cha kuoshea.

Akachota maji. Kisha akamwosha polepole sana, akimsemesha, kwa jina lake. Alipokausha na kupaka kafuri, akaitandaza sanda ya Makka, wakamlaza, akavuta shuka ya juu kichwani. Miguu ikabaki nje. Akaivuta chini, uso ukabaki nje. Ilipungua shubiri nzima. Mwosha wa sifa, jicho lisilokosea, ameleta sanda fupi! Wale wanawake walitazamana. Ikabidi mmoja akimbie kwa Hamud kuleta kipande cha bafta, na Mwanamkuu akakiunga kwa sindano, machozi yanamdondokea mkononi, mishono inakwenda upande.

Sitara alizikwa alasiri ile Kisutu. Mwanamkuu aliporudi, Thuraya na majirani walikuwa wamejaa barazani kwake, wanamngoja. Walikuwa wamekwisha kusikia habari za sanda ya Makka, na wameshaielewa kwa namna yao: Mmanyema hakushindwa, aliitaka sanda ya nyumba ile na sasa kaipata. Waridi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani.

"Pole, Bi Mkuu," alisema Thuraya, akimsogezea kiti. Akapunguza sauti. "Sasa tuambie. Umemwosha kwa mkono wako. Umeona nini?"

Mwosha hasemi alichokiona. Hiyo ndiyo amana ya kazi ile, na katika miaka ishirini Mwanamkuu hakuwahi kuivunja, si kwa ndugu wala kwa hakimu. Majirani walijua hivyo, lakini huyu alikuwa Mmanyema tu. Wakasogea.

"Nimeona mwanamke mrefu," alisema Mwanamkuu.

Wakangoja aendelee. Waridi aliinua uso akamtazama mama yake, kisha akauinamisha kwa mtoto. Mwanamkuu alivua viatu vyake, akaingia ndani.